Kupatia mara mbili

Anayeuza hisa akikimbia bei kushuka amefanya nusu tu ya kazi. Bado hajajua siku ya kununua tena. Na siku hiyo haipigi hodi. Machi 23, 2020 soko la New York lilifunga likiwa hoi, habari zote ni za korona. Kesho yake fahirisi ya Dow Jones ikaruka zaidi ya asilimia 11. Aliyekaa pembeni akingoja mambo yatulie aliikosa siku hiyo, maana siku za kupanda kwa kishindo mara nyingi huja katikati ya hofu, wakati hata mtu makini anaona kununua ni wazimu. Na kila mtu anapotoka sokoni na kurudi, dalali anayetoza kamisheni huikata mara mbili, mteja awe amepata au amekula hasara.