Kura na Shahada

Neno letu la kura limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kubahatisha: ni ule mshale, au kijiti, au kijiwe kilichotupwa baina ya watu wenye haki sawa, ili mmoja wao atoke pasipo wenziwe kunung'unika. Hivyo ndivyo walivyotupa kalamu zao walioshindania malezi ya Bibi Maryamu. Ndivyo ilivyomwangukia Nabii Yunus jahazini. Na ndivyo, katika kitabu cha Matendo ya Mitume, Mathiya alivyopata kuziba nafasi ya Yuda. Zilipokuja serikali za kuchaguliwa tulilihamishia neno hilo kazi nyingine kabisa, kazi ya mtu mwenye akili timamu kubainisha kwa karatasi ni nani aliyemwona anafaa. Lakini neno halikusahau kwao, na kila mara mtu anapotia alama mbele ya jina asilolijua, kura hurejea katika maana yake ya kale ilhali mpigaji mwenyewe hana habari.

Mfano wa jambo hili nautafuta mbali na pwani, Nchelenge, ufukoni mwa ziwa Mweru upande wa Zambia, mahali ambapo hata hivyo Kiswahili si mgeni. Maana misafara ya karne ya 19 ilifika huko kwa mtawala Mwata Kazembe, na hata leo kuna kisiwa cha Kilwa ndani ya ziwa na mji wa Kilwa katika ukingo wa Kongo, majina mawili yanayotukumbusha bandari moja ya zamani. Tarehe 11 Agosti 2016 wananchi wa huko, pamoja na Wazambia wenzao, waliitwa vituoni kwa mambo matano siku moja: kumchagua Rais, Mbunge, Mwenyekiti wa Halmashauri, ambaye kwa katiba iliyorekebishwa Januari ya mwaka huo alitoka mikononi mwa madiwani akawa wa kuchaguliwa na wananchi wenyewe, na Diwani wa kata, kisha kuitikia ndiyo au la katika kura ya maoni juu ya katiba.

Tumchukue mvuvi mmoja wa Kashikishi, huko huko Nchelenge, aliyekesha ziwani na taa yake akitafuta chisense, wale dagaa wadogo wa Mweru, akaja asubuhi kujipanga foleni. Rais anamjua kwa sauti na kwa picha. Mbunge anamjua kwa vipaza sauti. Lakini karatasi ya Diwani ina majina aliyopata kuyasikia labda mara moja msibani, na karatasi ya tano inamuuliza kwa pumzi moja kama anaridhia kupanuliwa kwa sura ya haki za binadamu, na pia kubadilishwa kwa ibara ya 79, inayoeleza namna katiba yenyewe inavyoweza kurekebishwa. Afanyeje mtu huyu, ikiwa anaiogopa dhamiri yake?

Njia zilizozoeleka ni tatu. Ya kwanza ni kufuata chama, nayo si ya kudharauliwa, kwa kuwa kila siku tunaishi kwa kauli za watu tunaowaamini. Ila chama hushuhudia kwamba mtu huyu ni wake, hakishuhudii kwamba atazisoma hesabu za soko. Ya pili ni kufuata ukoo au kanisa, na hapa maarifa yapo, tena ya karibu, kwani aliyewahi kukabidhiwa mfuko wa jumuiya amekwisha kupimwa katika mizani ndogo. Lakini mapenzi hukaa juu ya mizani hiyo pamoja na mzigo, na mpimaji asipotanabahi huhesabu uzito wa moyo wake kuwa ni uzito wa mgombea. Ya tatu ni kuiacha karatasi tupu.

Njia hii ya tatu ndiyo inayowavuta wachamungu, na nakiri kwamba ilinivuta mimi miaka mingi. Wako maulamaa waliosema kwamba kura ni shahada, na shahada bila ya ujuzi ni dhambi. Basi asiyejua na anyamaze. Hoja hii ni nzuri, lakini imesimama kwa mguu mmoja, kwa kuwa Kurani hiyo hiyo inayotukataza kuyafuata tusiyo na ujuzi nayo yakataza pia kuificha shahada. Na mtu aliyeweza kujua akakataa kuuliza hana udhuru wa mjinga, ana taksiri ya mzembe.

Kura ya maoni ya mwaka 2016 ilitufunza juu ya ukimya jambo lisilosahaulika. Sheria ilitaka angalau nusu ya watu wote wenye sifa ya kupiga kura washiriki. Walioshiriki wakawa asilimia 44 na ushei, na ingawa asilimia 71 yao waliitikia ndiyo, shauri zima lilianguka. Kwa hiyo waliokaa kando ndio walioamua. Miongoni mwao bila shaka walikuwamo waliozitaka haki wakaikataa ibara ya 79, na wasiolielewa swali, na waliolala tu. Wote hao walihesabiwa kwa uzito mmoja, wala hapana aliyewauliza sababu. Siwalaumu peke yao. Kumfungia mtu mambo mawili katika fundo moja ni kama kumuuliza shahidi mbele ya kadhi: je, ni kweli kwamba fulani ni mwaminifu na kwamba mtumbwi ule ni wake? Shahidi mwenye insafu angeomba maswali yatenganishwe, na lawama kubwa humrudia aliyeyafunga.

Lakini Diwani hakufungwa fundo na mtu yeyote. Hapa twajihadaa wenyewe: tunadhani twamjua aliye mbali kwa kuwa twamsikia kila siku, na aliye karibu twamwita asiyejulikana kwa kuwa hatangazwi. Mwaka 2022 mfuko wa maendeleo wa kila jimbo la Zambia ulipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7, na mashauri ya kisima kipi kichimbwe na darasa lipi liezekwe huanzia katika kata. Mwanamke anunuaye samaki pale ufukoni hatoi fedha yake kabla ya kufunua matamvua ya samaki aone wekundu wake. Naye huyo huyo humkabidhi mtu soko zima kwa miaka mitano pasipo kumfunua kwa swali moja. Na mvuvi wetu, kila mwaka, kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa ili samaki wazaliane, huketi kivulini akishona nyavu. Miezi hiyo inatosha kuuliza ni nani aliyekipigania choo cha soko, na nani aliyeonekana siku ya picha tu.

Ikiwa ameuliza kwa bidii, na wagombea wawili wakabaki sawasawa machoni pake, hapo ndipo nafasi ya kura kwa maana yake ya kale. Mtume alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wakeze, kwa sababu haki zao zilikuwa sawa wala hapakuwa na njia nyingine ya kumpambanua mmoja pasipo dhuluma. Basi na mvuvi atie alama mahali popote kati ya wale wawili, akarudi mtumbwini na moyo mweupe. Na ikiwa ameuliza asipate jibu, ukimya wake nao huwa shahada ya kweli, maana anayo sababu ya kuieleza akiulizwa. Wazee waliotupa vijiti walikwisha kupima kila kilichopimika ndipo wakakiinua kijiti. Sisi, tukiwa na karatasi na kalamu na miaka mitano mizima, mara nyingi twaanza na kijiti.