Kwa Nini Mhasibu Amsome Gurnah?

Kwenye vyuo vikuu vya Marekani kuna fomu ambayo mhadhiri huijaza akitaka kozi yake ihesabiwe katika elimu ya jumla. Ni fomu ndefu, lugha yake ya kiofisi mno, lakini ukiivumilia unakuta ndani yake kuna swali moja gumu kwelikweli: kwa nini mtu asiyesomea fani yako alazimike kukusikiliza wewe muhula mzima?

Kwa msomaji asiyeujua mfumo huo, niseme kidogo. Mwanafunzi wa uhasibu kule hasomi uhasibu tu. Shahada ya miaka minne huwa na krediti kama 120, na sehemu kubwa, mara nyingi karibu theluthi, inakwenda kwenye masomo ya nje ya fani yake: sayansi kidogo, historia kidogo, hesabu, uandishi, fasihi. Wazo hilo lina umri. Chuo cha Columbia kilianza kozi yake ya lazima ya ustaarabu mwaka 1919, Vita vya Kwanza vikiwa vimeisha juzijuzi, na mwaka 1945 Harvard wakatoa ripoti yao maarufu juu ya elimu ya jumla katika jamii huru. Lakini si kila kozi inaingia kwenye orodha. Inapita idara, inapita kamati ya mitaala, inapita kamati ya elimu ya jumla, pengine na seneti. Mwaka mzima unaweza kukatika. Ikipita, inapata wanafunzi. Isipopita inabaki kozi ya kuchagua, na kozi ya kuchagua ya fasihi siku hizi maana yake ni watu sita darasani, muhula unaofuata wanne, halafu barua kutoka kwa mkuu wa kitivo.

Rafiki yangu mmoja, Mtanzania anayefundisha katika chuo kimoja huko, alinitumia fomu yake kwa WhatsApp nimsaidie kuipitia. Kozi yake ni fasihi ya Afrika Mashariki kwa tafsiri ya Kiingereza. Inaanza na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, inapita kwa Ebrahim Hussein na Kinjeketile, inaishia kwa Abdulrazak Gurnah na riwaya yake ya Paradise ya mwaka 1994. Kwenye sehemu ya malengo alikuwa ameandika kwamba mwanafunzi “ataielewa na kuithamini” fasihi hiyo. Kamati ikamrudishia. Kuelewa hakupimiki, walimwambia, na kuthamini ndiyo kabisa. Atumie vitenzi vinavyopimika: abainishe, alinganishe, achambue.

Nilicheka. Kisha nikaona kamati ina nusu ya ukweli. Hebu fikiria mwalimu anayetoa alama kwa kupenda. Sisi tuliosoma fasihi sekondari tunajua matokeo yake: unaandika kwenye mtihani kwamba shairi limekugusa moyo, wakati lililokugusa ni kengele ya chakula. Mapenzi yakipewa alama yatageuka uongo, na uongo huo utafundishwa kama somo. Kwa hiyo yakae nje ya fomu, sawa. Shida yangu ni nyingine. Mwalimu akiijaza fomu ile mara tatu, mara nne, kila safari akifuta neno la moyoni na kuweka linalopimika, anaanza kuandaa vipindi kwa ajili ya fomu. Nimeona hivyo hivyo kwenye uandishi wa habari. Tulipoanza kuhesabu waliobofya, hakuna aliyetukataza kuandika habari nzito. Tuliacha wenyewe.

Halafu kuna visanduku. Kozi ya elimu ya jumla lazima iwekwe kwenye kundi. Rafiki yangu alikuwa na viwili mbele yake: kile cha fasihi, falsafa na sanaa, anachokaa Homer na Shakespeare, na kile cha tamaduni mbalimbali. Cha pili kinapitisha kozi yake haraka na kinajaza viti, maana wanafunzi wengi wanakihitaji na kozi zake ni chache. Cha kwanza kina foleni.

Mimi nilimwambia asikubali cha pili. Si kwa kiburi. Kisanduku kinamwelekeza mwanafunzi namna ya kusoma kabla hajafungua kitabu. Ukimsoma Homer chini ya neno “fasihi” unauliza hasira ni nini, vita ni nini, baba na mwana wanadaiana nini. Ukimsoma Gurnah chini ya neno “tamaduni” unauliza: kumbe hawa watu huishi hivi? Yule kijana Yusuf anaacha kuwa mtoto aliyetolewa nyumbani kwao kwa deni la baba yake, anakuwa taarifa kuhusu Waafrika. Akanijibu, “Kaka, wewe unaandika unavyotaka. Mimi nina viti thelathini vya kujaza.” Nikanyamaza, maana ni kweli, mkate wake uko pale.

Vita vya visanduku hivi ni vya zamani. Stanford walikuwa na kozi ya lazima ya utamaduni wa Magharibi. Wanafunzi wakaipinga, ubishi ukafika kwenye magazeti ya taifa, na mwaka 1988 maprofesa wakapiga kura kuibadilisha ili mataifa mengine yaingie. Miaka thelathini na kitu baadaye upepo umegeuka. Florida walipitisha sheria mwaka 2023 inayosema kozi za elimu ya jumla zisijengwe juu ya nadharia kwamba ubaguzi umo ndani ya taasisi za Marekani, na kwamba zile za kundi la fasihi na sanaa lazima ziwe na maandishi teule ya Magharibi. Januari 2024 utangulizi wa sosholojia ukaondolewa kwenye orodha ya msingi ya jimbo. Haukupigwa marufuku, na hapo ndipo penye ujanja. Bado unafundishwa, anayetaka aende. Ila mwanafunzi mwenye mkopo na kazi ya usiku anahesabu krediti zake kama nauli, na somo lisilomsogeza mbele hawezi kulilipia. (Najiuliza tu: Gurnah aliyeandika kwa Kiingereza, akaishi Uingereza miaka yote hiyo na kupewa Nobeli mwaka 2021, angehesabiwa Magharibi au la? Ningependa kuwa kwenye kamati siku hiyo.)

Wapenzi wa fasihi tukisikia habari za Florida tunakasirika haraka, na mimi nimo. Lakini hasira yetu inaruka swali la mwanzo. Kulazimisha ni kuchukua saa za mtu. Mwanasiasa anayelazimisha maandishi ya Magharibi na mhadhiri anayelazimisha fasihi ya pwani wote wanatia mkono kwenye mfuko mmoja, wa kijana wa miaka kumi na tisa. Wa pili ananipendeza zaidi, ndiyo, ila kunipendeza mimi hakumpi haki.

Sisi huku swali hili tulilijibu kwa njia yetu. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawafukuza zaidi ya 300. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Arusha, na Machi hiyo ukafanyika mkutano kujadili nafasi ya chuo katika Tanzania ya kijamaa. Katika mazingira hayo wazo la somo la pamoja kwa wote, wa sheria na wa sayansi, likapata nguvu, na baadaye likawa Taaluma za Maendeleo, ile DS inayojulikana na kila aliyepita chuo nchini. Unaweza kubishana na siasa yake. Ila sababu ilikuwapo na ilisemwa wazi: nchi maskini inakusomesha, basi ujue umaskini wake umetoka wapi. Walter Rodney alifundisha Dar miaka hiyo, na kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilizaliwa kwenye mabishano ya mahali kama pale.

Mimi niliikuta DS miaka mingi baadaye, chuo sikitaji. Ukumbi wa watu mia kadhaa, kipaza sauti kinakatakata, na madesa yanauzwa steshenari ya nje ya geti. Somo lilikuwa bado la lazima, lakini sikumbuki mtu aliyetuambia kwa nini. Mtihani ulikuwa unaulizwa kama tunatafuta leseni.

Ndiyo maana namrudia Mwana Kupona, ambaye yeye mwenyewe alikuwa analazimisha. Mama mgonjwa anamwita binti yake, anamwambia alete wino na karatasi, na anampa orodha ya mambo ya kushika maishani. Mengi ya mawaidha yale, hasa ya utii kwa mume, wasomi wameyapinga na wana hoja. Lakini tazama anavyolazimisha: anamwita mtoto karibu, anajitaja yeye ni nani na yuko katika hali gani, anaeleza anachohofia. Sababu anapewa binti, usoni. Kwenye fomu ya rafiki yangu kuna kurasa za sababu na zote zinaambiwa kamati. Mwanafunzi wa uhasibu ataona jina la kozi, saa ya kipindi na kisanduku.

Kwa hiyo nilimpendekezea aandike ukurasa mmoja usioombwa na mtu, wa kumsomea mwanafunzi siku ya kwanza. Mimi ningeanza na Yusuf. Ana miaka kumi na miwili, baba yake amefilisika, na tajiri anayemdai, ambaye mtoto amezoea kumwita ami, anaondoka naye. Kule dukani ndiko Khalil anapomfahamisha kwamba yule si ami yake. Sasa, ndugu mhasibu, wewe unajua daftari la hesabu kuliko mimi. Deni lipo, mdai yupo, na rehani imepokelewa. Mtoto huyu unamwandika safu gani? Je, akikua dukani miaka ile yote bila mshahara, deni linapungua? Nani anaweka kumbukumbu? Riwaya nzima inazunguka maswali hayo, na naamini mwenye fani ya hesabu ataona mle vitu ambavyo mimi wa fasihi navipita.

Na akisoma mpaka mwisho akasema bado haoni inamhusu nini, aandike hivyo, aeleze kwa nini, nami nitampa alama zake zote.