Kiporo Kilichochacha

Shemeji yangu ni fundi umeme, na ni mtu wa mpangilio. Anatembea na daftari la jalada gumu. Kila Jumapili usiku, watoto wakishalala, hufungua ukurasa mpya na kuandika kazi za wiki. Iliyokamilika huipiga msalaba. Isiyokamilika huichorea kimshale, kisha huiandika upya wiki inayofuata. Utaratibu wa aina hiyo ulienezwa na Ryder Carroll, Mmarekani aliyeueleza katika kitabu chake cha mwaka 2018, The Bullet Journal Method. Ni utaratibu mzuri, nami nimeutumia. Ninayosimulia hapa ameniruhusu mwenyewe kuyaandika, ili wengine wasifike alipofika.

Mwaka 2014 alinunua kiwanja Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa mzee mmoja muungwana sana. Kiwanja kilikuwa kimepimwa na hati ipo, ila kwa jina la mzee. Waliandikishana kwenye ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mashahidi, pesa ikahesabiwa, wakapeana mikono. Kilichobaki ni mzee na mkewe kusaini nyaraka za kuhamisha umiliki mbele ya wakili. Kwa upande wao ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Juzi alinipa daftari nilipitie. Jambo hili linaonekana kwa mara ya kwanza Machi 2021, kwa herufi zilizotulia: "Kwenda na mzee kwa wakili, asaini uhamisho wa kiwanja." Wiki chache baadaye limefupishwa: "Mzee asaini." Mwezi wa tano: "Mzee." Kufikia mwezi wa nane imebaki herufi K tu, na kimshale pembeni. Nilihesabu vimishale 54.

Tafadhali liangalie hilo kwa makini, maana ndiyo dalili ya kwanza, na ilikuwa wazi mbele ya macho yake kila Jumapili. Kazi ilianza na kitenzi, mtu na mahali pa kwenda, ikaishia herufi moja isiyomwambia afanye nini. Carroll anataka kazi iandikwe upya kwa mkono makusudi, ili ule usumbufu wa kuandika ukulazimishe ujiulize kama jambo lina maana kwako au ulifute. Shemeji alipofupisha maneno aliuondoa usumbufu huo. Mkono ulichora mshale, yeye akiwaza mambo mengine.

Dalili ya pili ilikuja kwa simu, na ilikuja mara mbili. Mzee mwenyewe alipiga. "Mwanangu, njoo tumalize lile jambo letu. Miguu hii hainipeleki mbali tena." Shemeji akaamkia, akauliza hali, akajibu, "Wiki ijayo, mzee wangu, Inshallah." Akaliandika palepale. Baada ya kuliandika, anasema, moyo ulitulia kabisa.

Utulivu ule ndio unaonitisha kuliko yote. Mwaka 1927 mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba washiriki walikumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizomaliza. Kiporo hukuna kichwa. Mwaka 2011 watafiti wawili, Masicampo na Baumeister, wakaonyesha kwamba mtu akishaweka mpango mahususi wa kufanya jambo, mawazo yale ya kusumbua hupungua, hata kama jambo lenyewe bado halijaguswa. Ni neema, kwa sababu bila hiyo tusingelala. Lakini kwa shemeji, kule kuandika tu kulimpa pumziko la mtu mwenye mpango, na mpango wenyewe hakuwa nao: hakuwa na siku, saa, wala jina la wakili.

Nilimuuliza kilichokuwa kinamzuia. Alinyamaza kidogo, akasema: pango la ardhi. Kodi hiyo hulipwa kila mwaka, na umiliki hauhamishwi deni likiwa halijalipwa. Hakuwahi kulipa tangu anunue. Aliogopa kuujua mzigo wenyewe. Kwa hiyo chini ya "Mzee asaini" kulikuwa na kazi nyingine, "Kuuliza deni la pango", na hiyo haimo katika ukurasa hata mmoja wa daftari lile. Aliahirisha kazi aliyoiandika kwa ajili ya kazi aliyoshindwa kuiandika.

Mzee alifariki Aprili 2022, ndani ya Ramadhani.

Sasa kinachohitajika ni msimamizi wa mirathi. Wanaukoo wakae kikao wamteue, wapeleke muhtasari na cheti cha kifo mahakamani, litoke tangazo, wasikilizwe wenye pingamizi. Watoto wawili wa mzee wanamtambua shemeji. Mmoja anasema hakuwahi kusikia habari ya kiwanja kuuzwa. Mjane anajua ukweli wote, lakini amechoka, na hataki wanawe wagombane juu ya kaburi ambalo halijakauka. Mpaka naandika haya hawajakaa hata kikao cha kwanza.

Ndugu msomaji, kuahirisha peke yake si kosa. David Allen, katika kitabu chake Getting Things Done cha mwaka 2001, alifundisha kuweka majalada 43, yaani 31 ya siku na 12 ya miezi, ili jambo lililosogezwa liwe na tarehe ya kurudi mezani. Hilo ni ahirisho lenye ahadi. Basi kimshale cha tatu kikufanye usimame. Usikichore kabla hujaandika, kwa sentensi nzima, ni kitu gani kimekuzuia. Na kazi inayotegemea pumzi za mtu mwingine isikae mstari mmoja na kununua balbu.

Usiku ule niliporudi nyumbani nilifungua orodha yangu kwenye simu. Nilikuta "Macho ya mama", imesogezwa tangu Januari. Nikajilazimisha kuandika kilichonizuia: naogopa kuambiwa ni presha ya macho, kwa sababu babu, baba yake mama, alipofuka kwa ugonjwa huo, na uoni unaoondoka kwa presha ya macho haurudi. Nilipoisoma sentensi yangu, niliona kwamba sababu ya kuchelewa ndiyo hasa ilikuwa sababu ya kuwahi. Nikaandika: Jumatano kulala kwa mama, Alhamisi saa mbili asubuhi kliniki ya macho. Nikampigia.

"Nilidhani umesahau," alisema mama.