Safari ni Hatua: Thamani ya Njia katika Imani ya Kikristo

Methali "Safari ni hatua" ina maneno matatu tu, na uzito wake umo katika neno dogo la katikati. Haisemi kwamba safari ina hatua, wala kwamba huanza kwa hatua. Inasema safari ni hatua, yaani hatua zikiondolewa hakuna safari inayobaki. Kwa maana ya juu, hatua ni nafasi iliyo kati ya mguu na mguu wa mtu atembeaye. Kwa maana ya ndani, ni siku moja ya maisha pamoja na kazi, subira na upendo uliomo. Ingawa methali hii hutumiwa zaidi kumtia moyo aliyechoshwa na umbali wa lengo lake, inabeba pia fundisho zito la kimaadili, kwamba anayeidharau hatua kwa tamaa ya kufika ameidharau safari yenyewe.

Fundisho hili lina ushahidi mzito katika Kariakoo, mtaa wa soko katikati ya Dar es Salaam, ambao jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, yaani wabeba mizigo, waliolitumikia jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na ambao walipiga kambi hapo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Wapagazi hao, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu, walibeba chakula na risasi kwa miguu, na makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Kama thamani ya maisha ingepimwa kwa kufika peke yake, watu hao wangehesabiwa kuwa si kitu. Imani ya Kikristo inaikataa hesabu hiyo, si kwa kuitukuza dhuluma waliyotendewa, bali kwa kukiri kwamba Mungu humjua mtu akiwa bado njiani. Musa mwenyewe, kama kinavyosimulia Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, aliiona nchi ya ahadi kutoka Mlima Nebo akafa bila kuikanyaga, na bado Maandiko hayamhesabu kuwa aliyeshindwa.

Katika Kitabu cha Kutoka, Waisraeli walilishwa mana, chakula cha jangwani kilichookotwa kila asubuhi, na kilichowekwa akiba kinyume cha agizo kilioza. Neema, yaani kipawa cha Mungu kisichonunuliwa, ilitolewa kwa kipimo cha siku. Kinyume cha kipimo hicho cha siku ni kujilimbikizia, na moto ulioliunguza soko kuu la Kariakoo Julai 2021 ulidhihirisha kwamba mali ambayo mtu ameitazama kama mwisho wa safari yake huweza kutoweka kwa usiku mmoja. Lakini mizani ya haki ambayo mfanyabiashara ameitumia, na ambayo Kitabu cha Mithali kinasema humpendeza Bwana, ni hatua iliyokwisha kupigwa, na hakuna moto unaoweza kuitangua.

Hata hivyo, Ukristo haufundishi kutangatanga. Mtume Paulo, akiwaandikia Wafilipi, anajifananisha na mkimbiaji anayekaza mwendo kuelekea tuzo, na Ufalme wa Mungu hubaki kuwa tumaini la kila muumini. Fumbo hili la njia na mwisho linafunguliwa na Injili ya Yohana, ambamo Yesu anajiita njia: anayengojwa mwishoni ndiye huyohuyo anayetembea pamoja na msafiri, kama alivyofanya kwa wanafunzi wawili waliokuwa njiani kwenda Emau, waliosindikizwa naye kabla hawajamtambua. Mwisho huipa hatua mwelekeo, nayo hatua huufanya mwisho uanze kuonekana sasa.

Ndiyo maana Paulo aliwaagiza Wagalatia wachukuliane mizigo, agizo lisiloweza kutimizwa na mtu anayekitazama kituo chake peke yake. Katika vichochoro vya Kariakoo, ambamo wabeba mizigo wa leo bado hupita wakiwa wameinama, anayesimama kumpisha mwenye mzigo, au kumsaidia kuutua, hajaichelewesha safari yake. Ameipiga hatua mojawapo ambayo kwa ajili yake aliitwa njiani.