Kinacholia Sicho Kilichokatika

Je, tunamtendea haki anayepiga kelele tunapomnyamazisha kabla ya kujua kelele zinatoka wapi? Swali hili kwa kawaida huulizwa kuhusu watu. Mimi nimelielewa vizuri zaidi kupitia difu ya gari.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, gari dogo la michezo kutoka Japani lililoanza kuuzwa mwaka 1969. Afrika Mashariki inalifahamu: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo East African Safari Rally mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta na Lofty Drews mwaka 1973. Yaliyobaki leo yanatunzwa na wapenzi wa magari ya zamani, na wengi wao wanaujua mlio mmoja. Ukiachia klachi na kukanyaga mafuta, kitu hugonga nyuma yako: ngo! Mara moja tu, kisha kimya.

Mlio uko nyuma, na difu iko nyuma. Hukumu inakuja upesi: difu imekufa, tafuta nyingine.

Fundi mzuri hakubali haraka hivyo. Difu ya gari hili imefungwa kwenye bodi. Mbele inashikwa na mauntingi ya mpira, nyuma inashikwa na chuma kilichokingama chenye bushi za mpira. Gari likiondoka, pua ya difu hujaribu kuinuka. Mpira ukiwa umekatika, pua huinuka kweli na kugonga. Meno na beringi za ndani zinaweza kuwa nzima kabisa. Kilichokufa ni kile kilichotakiwa kuishika difu.

Kwa hiyo uchunguzi huanza na maswali. Je, ni mvumo wa mfululizo unaobadilika ukiachia mafuta? Huenda meno ya pinioni na krauni yamelika. Unabadilika kwenye kona? Shuku beringi ya gurudumu. Unabadilika unapotoka lami laini kuingia lami chakavu? Tazama tairi. Unagonga mara moja wakati wa kuondoka? Angalia mauntingi, bushi na krosi za shafti kabla ya kufungua difu. Kila swali linahitaji gari liendelee kulia. Likinyamaza, fundi amempoteza shahidi wake.

Kuna njia nyingine, hila ya zamani ya wauzaji wasio waaminifu: kutia unga wa mbao kwenye oili ya giaboksi au difu ili meno yaliyolika yasisikike. Walioisoma Matilda ya Roald Dahl wanamkumbuka baba mtu aliyeitumia. Tunaiita udanganyifu bila kusita, kwa sababu mnunuzi anaibiwa. Sasa mwondoe mnunuzi. Tuseme mwenye gari anajitilia mwenyewe huo unga, kwa kuwa amechoka na mvumo na anataka kuendesha kwa amani. Hajamwibia mtu. Kosa bado lipo? Naamini lipo. Meno yanaendelea kulika, ila sasa hakuna wa kusema.

Katika ukoo wetu, shangazi yangu aliulizia sehemu yake ya shamba la babu kwenye kila kikao, mwaka baada ya mwaka. Ana sauti kubwa, na watu walikuja wakiwa wamejiandaa kwa ajili yake. Wazee walimsihi atangulize amani. Mwishowe akaacha kuja. Vikao vimekuwa vifupi, vyenye vicheko, na husemwa kwamba suala la shamba limekwisha. Shamba halijagawanywa. Tulimsikia yeye, tukadhani tatizo ni yeye. Kilichokatika ni ahadi aliyopewa, iliyotakiwa kumshikia nafasi yake miongoni mwetu.

Mtu atasema: gari la miaka hamsini lina milio mingi, ukiufuata kila mmoja halitatoka gereji. Na wapo ndugu wanaolalamika kwa mazoea. Nakubali. Fundi naye husema wakati mwingine, "Huu uache, hauna madhara." Lakini anasema hivyo baada ya kupiga jeki, kuisukuma pua ya difu kwa mtaimbo na kutazama kama oili ina chembe za chuma. Anayeuacha mlio baada ya kuchunguza ameamua. Anayeuacha kabla ya hapo amekwepa tu, hata akikuita kukwepa huko busara.

Mauntingi ni rahisi kuliko difu nzima. Kwa familia ni kinyume: kumwambia mtu apunguze sauti hakugharimu kitu, ilhali kuirudia ahadi kunagharimu ekari na urafiki wa watu ninaowapenda. Kikao kijacho ni Desemba. Nitaomba suala la shamba liwe la kwanza, na nitaomba shangazi awepo, na sauti yake.