Kazi ya Fundi na Sura ya Fundi

Limekithiri katika barza zetu jambo hili. Akitajwa mshairi au mwimbaji ambaye mwendo wake haupendezi, kundi moja husema mashairi yake yatupwe yote. Na kundi jingine husema, madhali sauti yake ni tamu, aibu zake zisitajwe. Makundi haya yamekosea kosa moja, nalo ni kupima vitu viwili kwa mizani moja.

Na tutazame mfano ulioko katika nchi yetu ya Kenya. Huko Migori pana ngome iitwayo Thimlich Ohinga, ambayo kwa makisio ilijengwa katika karne ya 16. Mawe yamepangwa juu ya mawe pasipo chokaa, na kuta zimesimama hata leo. Mwaka 2018 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Na huko Homa Bay, katika kisiwa cha Mfangano, mna michoro ya miviringo ya rangi nyekundu na nyeupe juu ya miamba, kazi ya watu wa kale. Majina ya waashi na wachoraji hao hayakutufikia, wala hatujui kama walikuwa wakarimu au mabakhili. Je, lau tungejua leo kuwa mwashi alikuwa mwizi, ukuta ungeanguka? La. Jiwe lililokaa sawa limekaa sawa.

Huenda mtu akasema: hayo ni mawe, maneno ni mbali. Basi na asome Sahihi Muslim. Mtume (S.A.W.) alimtaka sahaba aliyempakia nyuma yake amsomee mashairi ya Umayya bin Abi Salt, akazidi kumtaka aongeze hata zikatimu beti 100. Na Umayya alikufa hali hakusilimu. Mtume hakuukataa uzuri wa beti kwa ajili ya mtungaji. Wala kwa uzuri wa beti hakumhesabu mtungaji kuwa Muislamu.

Lakini kanuni hii ina mpaka. Ukuta hujishuhudia wenyewe, Hadithi haijishuhudii. Ndiyo sababu maulamaa walichunguza mwenendo wa kila mpokezi, wakamwacha aliyejulikana kwa uongo ijapokuwa ulimi wake ni fasaha. Kila kazi ambayo thamani yake ni uaminifu, kama ushahidi, fatwa na malezi ya watoto, haitengeki na mtu wake.

Na hapa ndipo penye hatari katika miji yetu. Msoma kasida mwenye sauti nzuri huaminiwa kwa sauti yake, akakabidhiwa vijana awalee. Na mnyonge akimlalamikia, huambiwa anyamaze, asimvunjie heshima mwenye kipawa. Hii ni dhulma. Sura ya hadharani, iwe mbaya au nzuri, si kazi wala si mtu, ni vazi. Na sauti tamu si ushahidi kwamba mlalamikaji ni mwongo.

Basi ukisikia ubeti mzuri, sema ni mzuri, hata kama mtungaji humpendi. Akija mtungaji huyo kutaka amana, uliza mwendo wake kama umuulizavyo mtu mwingine yeyote. Na aliyedhulumiwa asikilizwe kwanza, kasida zitangoja.

Wallahu aalam.