Sanduku la Yoashi na Mikopo ya Halmashauri

Neno: 2 Wafalme 12:4–15



Katika habari za Yoashi, mfalme wa Yuda, twasoma jambo lililo karibu sana na mambo ya siku zetu. Mfalme aliagiza fedha iletwayo nyumbani mwa Bwana itumike kutengeneza mahali palipobomoka. Makuhani wakaipokea, lakini mwaka wa 23 wa ufalme wake ulifika, na mabomoko yalikuwa yangalipo. Ndipo Yoashi alipowakataza wasipokee fedha tena. Kuhani Yehoyada akatwaa sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka kando ya madhabahu. Fedha ilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu waliihesabu pamoja, wakawapa wasimamizi, nao wakawalipa maseremala, waashi na wachonga mawe. Hivyo nyumba ilitengenezwa, na watu wakapata kazi.

Katika nchi yetu ya Tanzania pia liko sanduku la namna hii. Kwa sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri yapaswa kutenga sehemu 10 katika kila 100 za mapato yake ya ndani, ivikopeshe vikundi vinavyotaka mtaji, bila riba: sehemu 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Shauri hili ni jema. Mjane mwenye cherehani moja aweza kuungana na wenzake wakapata nyingine. Vijana wafyatuao matofali waweza kumwajiri jirani asiye na kazi. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alifundisha kwamba tuombapo riziki ya kila siku twaomba pia shamba, fedha na serikali njema. Basi na tuupokee msaada huu kwa shukrani, kuwa ni njia mojawapo ambayo Mungu huijibu sala hiyo.

Lakini hapa pia mabomoko yalionekana. Mikopo mingi haikurejeshwa, na vikundi vingine vilivyoandikwa vitabuni havikuonekana vilipotafutwa. Mwezi wa Aprili 2023 serikali ikaisimamisha mikopo hiyo, kama Yoashi alivyowazuia makuhani. Mwaka 2024 ikaanza tena kwa taratibu mpya, na kwa halmashauri 10 ikaamriwa fedha ipitie benki. Yaani, sanduku jipya limeletwa.

Je, sanduku latosha? Tuangalie mstari wa 15: wale wasimamizi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Kifuniko cha sanduku chaweza kuuzuia mkono. Hakiwezi kuugeuza moyo. Hatusemi hesabu iachwe. Paulo mwenyewe, alipopeleka changizo la makanisa, alitaka wenzake wawepo, ili njia yake iwe safi mbele za Mungu na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:20–21). Twasema hili tu: hakuna sheria wala benki iwezayo kutenda kazi ya dhamiri.

Wako wasemao kwamba fedha ya serikali haina mwenyewe. Neno hilo ni uongo. Mapato ya halmashauri hutoka katika ushuru wa masoko, ushuru wa mazao na leseni za biashara. Mwenyewe ni mama yule aketiye sokoni juani na ndizi zake. Mwenyewe mwingine ni kijana asiyeona, ambaye kikundi chake kingali kikingoja zamu. Maana fedha irudishwayo ndiyo hukopeshwa wengine. Akopaye na kukataa kulipa hamwibii afisa wa wilaya. Amwibia kijana huyu. Na amri ya saba, kama tulivyofundishwa, haitukatazi kuiba tu, bali yatuagiza kumsaidia jirani ili mali yake na riziki yake zistawi.

Kwa hiyo, enyi wazee wa kanisa na walimu, msikubali kukidhamini kikundi kilicho majina matupu, hata kama aombaye ni ndugu wa damu. Huo ni ushuhuda wa uongo. Ninyi mlio katika vikundi, msigawane fedha siku ya kuipokea kana kwamba ni mawindo. Iwekeni katika kazi iliyoombewa, na daftari lisomwe mbele ya wote. Naye aliyepatwa na msiba, kuku wakafa kwa kideri au mvua zikakosa, asijifiche. Aende mapema kwa afisa maendeleo ya jamii akaeleze. Usharika nao usimhesabu pamoja na wezi. Kuanguka si kuiba, na aangukaye yatupasa kumwinua.

Lakini aliyekula fedha ya wenzake afanye nini? Na amtazame Zakayo (Luka 19). Bwana hakungoja hesabu ndipo aingie nyumbani mwake. Aliingia kwanza kwa neema. Na neema ilipoingia, Zakayo mwenyewe alisimama akataja atakayoyarudisha, tena mara nne, bila kushtakiwa na mtu. Kristo amelipa deni tusiloweza kulipa kamwe. Hakufanya hivyo ili tuyadharau madeni tuwezayo kulipa, bali ili tuyalipe kwa moyo mweupe, na jirani yetu apate zamu yake.

Bwana atujalie mikono iaminikayo. Amin.